Wakuu wa historia, mnavishikaje vipindi vya dunia bila kukariri? Nipo Kigoma

Kijana_wa_Mwanga:

Habari za usiku wakuu. Mi nipo Kigoma mjini, mitaa ya Mwanga, najiandaa na mtihani wa kidato cha sita kama mtahiniwa wa kujitegemea, mchana nashinda dukani usiku ndo nafungua kaunta buku. Jografia na Kiswahili sina shida navyo, shida yangu ni historia pepa ya pili, ile ya dunia. Yaani leo nasoma Mapinduzi ya Viwanda, kesho Mapinduzi ya Ufaransa 1789, mara Berlin 1884, mara vita ya 1914, mara Warusi 1917, mara mdororo wa uchumi 1929, na kila kimoja kina sababu sita na matokeo sita, nazimeza usiku asubuhi zimeshayeyuka. Miaka naijua, lakini ukiniuliza kwa nini hiki kilizaa kile nabaki kimya.

Kinachoniumiza zaidi naona kama ni habari za watu wengine kabisa. Viwanda vya Manchester vinamhusu nini mtu wa Kigoma? Na kingine, nani aliamua kwamba zama hizi zinaishia hapa na zile zinaanzia pale? Maana desa moja linasema zama mpya zimeanza 1453 Konstantinopoli ilipoanguka, lingine linasema 1492 Columbus alipofika Amerika, sasa nishike lipi. Naombeni mbinu ambazo mnazitumia kweli, ile ya "soma kwa bidii" nimeshaisikia sana.

Mwalimu_Unyanyembe:

Karibu mdogo wangu. Mi nafundisha historia hapa Tabora na swali lako wananiuliza wanafunzi walio makini, wale wasiojali hawaulizi kabisa, kwa hiyo usijione mzito.

Nianze na hilo la nani kaamua. Wameamua waandishi wa historia, na wengi wao walikuwa Ulaya wanaangalia kwao. Zama za Kati ni za kati kwa Ulaya, lakini hapo Uvinza watu walikuwa wanachemsha chumvi zaidi ya miaka elfu moja iliyopita na hakuna mfalme wa Roma aliyeanguka akawazimia moto. Kwa hiyo 1453 na 1492 zote zinakubalika, inategemea unapima nini. Ukipima biashara ya Mashariki na nguvu ya Waturuki shika 1453, ukipima Atlantiki, mashamba ya miwa na biashara ya watumwa shika 1492. Kwenye mtihani sema wazi unapima kwa kigezo gani, msahihishaji akiona umechagua mwaka na ukautetea anajua ana mtu anayefikiri.

Sasa kubwa ni hili. Usianzie Manchester, anzia hapo ulipo ufuate njia kurudi nyuma. Njia ya misafara ilitoka Bagamoyo ikapita Tabora ikaishia Ujiji, na Ujiji kwako ni nauli ya daladala tu. Burton na Speke wanafika Ujiji 1858, Stanley anamkuta Livingstone palepale 1871, na vitabu vingi vinaishia hapo, wazungu wamesalimiana chini ya mwembe basi mada imefungwa. Wewe jiulize, hiyo njia waliyopita waliikuta inafanya kazi gani?

Ilikuwa inabeba pembe za ndovu, na watumwa. Pembe zilikuwa zinakwenda wapi? Karne ya 19 Ulaya na Marekani kumezaliwa tabaka limepata hela za viwanda, kila familia yenye uwezo inataka piano sebuleni, na vibao vyeupe vya kubonyeza kwenye piano vilifunikwa pembe, mipira ya biliadi nayo vilevile. Na pembe zililipwa na nini? Shanga za Venice, bunduki, waya wa shaba, na juu ya yote nguo. Nguo iliyotamba njia nzima ni merikani, pamba isiyotiwa rangi kutoka viwanda vya Massachusetts, wafanyabiashara wa Salem wanaileta Unguja, Wamarekani walishawekeana mkataba wa biashara na Seyyid Said tangu 1833. Halafu angalia kinachotokea, 1861 Wamarekani wanaanza kupigana wenyewe kwa wenyewe, pamba ya majimbo ya kusini inakatika, merikani inaadimika na nguo za Uingereza na Bombay zinaingia kujaza pengo. Yaani risasi zinalia Virginia na mpagazi wa Kinyamwezi anabadilishiwa nguo ya ujira wake.

Ukishaona hivyo zile sababu na matokeo sita za Mapinduzi ya Viwanda huhitaji kuzikariri. Kiwanda kinataka malighafi, kinataka soko, mwenye kiwanda akitajirika anataka anasa, na jeshi la kwao likipata bunduki mpya zile za zamani zinauzwa huku kwa bei ya chini. Mtemi Mirambo alijenga dola yake Urambo kwa bunduki hizohizo, akaifunga njia ya Waarabu wa Tabora 1871. Chukua karatasi ya manila, chora mistari mitatu, juu dunia, katikati Afrika, chini Kigoma na Tabora, kila unachosoma kiweke sehemu yake halafu chora mshale. Penye mishale mingi ndo tukio lililogeuza mambo.

Bint_Ujiji:

Mwalimu shikamoo, umenena. Mi naongezea kwenye hiyo 1492 maana ndo niliyoishika kupitia jikoni. Muhogo, mahindi, karanga, viazi vitamu, tumbaku, pilipili, vyote asili yake ni Amerika, Wareno wakavieneza pwani za Afrika na vikatembea vyenyewe mkono kwa mkono mpaka vikafika kwetu, kabla mzungu yeyote hajaliona ziwa. Sasa leo ukiletewa ugali wa muhogo na migebuka hapo Kibirizi, migebuka ni ya ziwani tangu enzi, ila huo ugali ni Columbus. Na uchumi wa Tabora, tumbaku na karanga, nao ni huohuo. Muhogo unavumilia ukame na unakaa ardhini mpaka uuhitaji, kwa hiyo watu waliweza kuishi sehemu ambazo mtama peke yake ungewaangusha. Mi naona hilo ni kubwa kuliko vita nyingi tunazosomeshwa na sijui kwa nini linapewa aya moja.

Reli_ya_Kati:

@Bint_Ujiji na mawese je? Maana Kigoma bila mawese hakuna Kigoma.

Bint_Ujiji:

Mchikichi ni wa hukuhuku Afrika ndugu yangu, asili yake magharibi na Kongo, haujavuka bahari kuja. Lakini nao uliingia kwenye mchezo wa viwanda. Waingereza walipopiga marufuku biashara ya watumwa 1807, wafanyabiashara wao Afrika Magharibi wakahamia kwenye mafuta ya mawese, ya kutengenezea sabuni na mishumaa na kulainishia mashine. Hiyo iweke kwenye manila yako @Kijana_wa_Mwanga, inaunganisha mada mbili kwa mpigo, kukomeshwa kwa utumwa na mapinduzi ya viwanda.

Msomaji_wa_Isevya:

Namheshimu mwalimu na alichosema ni kweli, ila naomba nipinge kidogo. Sio kila kitu kilipita Tabora. Ukishikilia kwamba lazima kila tukio ulione mlangoni kwako, utaacha nusu ya dunia. Mfano Baghdad kuangukia mikononi mwa Wamongolia 1258, mji uliokuwa kitovu cha elimu. Mfano China, walikuwa na karatasi, uchapaji na baruti kabla ya Ulaya, na kati ya 1405 na 1433 amiri wao Zheng He alitembeza majeshi ya meli makubwa kuliko chochote alichokuwa nacho Mreno, yakafika mpaka pwani yetu ya Afrika Mashariki, halafu watawala wa Ming wakasitisha safari. Miaka sitini na kitu baadae, 1498, Vasco da Gama anapita pwani hiyohiyo na vimeli vyake vichache, na 1505 Wareno wanaipora Kilwa. Swali la kwa nini China ilisimama na Ureno ikaendelea linafundisha kuliko kukariri majina ya mabaharia, na huwezi kulipata kwa kuanzia Ujiji.

Kingine, jifunze kutenganisha cheche na kuni. Wanafunzi wengi wanaandika vita ya 1914 ilianza kwa sababu mrithi wa kiti cha Austria aliuawa Sarajevo tarehe 28 Juni. Hiyo ni cheche. Kuni zilipangwa miaka mingi, miungano ya kijeshi, kugombea makoloni, mashindano ya manowari kati ya Mjerumani na Mwingereza, mataifa ya Balkan yanayotaka kujitawala. Kila tukio kubwa ulilolitaja lina vyote viwili na ukiandika kimoja umeandika nusu.

Na la mwisho uliza nini HAKIKUBADILIKA. 1873 Sultani Barghash alibanwa na Waingereza akafunga soko la watumwa Unguja, vitabu vinaandika kama utumwa umeisha siku ile. Soko la wazi ndo lilifungwa na usafirishaji baharini ukapigwa marufuku, lakini bara misafara iliendelea, Unguja kwenyewe utumwa ulifutwa kisheria 1897, Wajerumani walitawala huku mpaka wakaondoka bila kuufuta moja kwa moja, na Tanganyika umefutwa na sheria ya Mwingereza 1922. Kuna mtu alizaliwa mtumwa Tabora baada ya 1873 na akazeeka akiwa mtumwa, mwambie huyo kwamba 1873 dunia iligeuka. Sheria ina tarehe yake, maisha ya watu yana tarehe nyingine.

Mwalimu_Unyanyembe:

@Msomaji_wa_Isevya hapo kwenye 1873 sina la kuongeza, hiyo ningependa kila mwanafunzi wangu aisome. Na China nakubali, mstari wa juu wa manila lazima uwe na Asia ndani yake, usiwe Ulaya tupu.

Reli_ya_Kati:

Mi mzee wangu alikuwa reli, nimekulia kota za reli hapa Tabora, kwa hiyo vita ya kwanza naielewa kwa njia ya treni na meli, acha nimpe kijana kipande hicho maana ni kitamu.

Reli kutoka Dar ilifika Tabora 1912 na Kigoma 1914, mwaka uleule vita inaanza. Mjerumani alikuwa ameshaunda meli huko kwao Papenburg, akaibomoa vipande vipande, akaipakia kwenye makasha yapatayo 5,000, ikaja kwa meli mpaka Dar, ikapanda treni, ikaja kuunganishwa upya Kigoma na kushushwa majini Februari 1915. Ikaitwa Graf von Götzen. Kwa nini uhangaike hivyo na meli ya ziwani? Kwa sababu ng'ambo ya ziwa ni Kongo ya Mbelgiji, na Mbelgiji yumo vitani kwa sababu Mjerumani alimvamia Agosti 1914 akitaka njia ya kwenda Ufaransa. Ndo ile miungano na mipango ya kijeshi mnayosoma, inamtoa mwanajeshi wa Kongo kwao inamleta mpaka Tabora, na hajawahi kuiona Ubelgiji wala Ujerumani.

Julai 1916 Wabelgiji wanakaribia Kigoma, Wajerumani wanaizamisha wenyewe meli yao karibu na mdomo wa Malagarasi, ila kabla ya kuizamisha mafundi wakapaka injini grisi nzito ili siku moja ifufuliwe. Na kweli Waingereza waliiibua 1924, ikarudi kazini 1927 kwa jina la Liemba. Ndo hiyohiyo mnayoijua watu wa Kigoma.

Na hapa Tabora mwaka huohuo wa 1916, bahari imefungwa na manowari za Waingereza, hela hazifiki kutoka Ujerumani, wakaamua kugonga sarafu zao kwenye karakana ya reli, dhahabu ya mgodi wa Sekenke, sarafu ya rupia 15. Upande mmoja tai wa Kijerumani, upande mwingine tembo ameinua mkonga na nyuma yake mlima. Nimewahi kuiona picha yake kwa karibu, ni kazi safi sana kwa karakana iliyozoea kutengeneza vipuri vya treni. Mwalimu akikuuliza vita vilivyoingiza uchumi mzima vitani maana yake nini, mpe hiyo sarafu. Septemba 1916 Tabora ikaanguka mikononi mwa Wabelgiji, na walikaa upande wa Kigoma mpaka 1921 ndo wakamwachia Mwingereza, wao wakabaki na Ruanda-Urundi. Mpaka wa pale Manyovu mnaovuka kwenda Burundi umethibitishwa kwenye mazungumzo ya baada ya vita hiyo. Halafu mtu anasema 1914 haimhusu.

Kijana_wa_Mwanga:

Aisee wakuu asanteni mno, nimesoma nikarudia. Liemba nimeiona tangu mtoto na hakuna aliyewahi kuniambia habari ya hiyo grisi. Nimeshanunua manila na maka peni, mistari mitatu nimechora.

Nina mawili tu. Moja, 1929 imenigomea, soko la hisa New York linaanguka, sioni mshale wa kuleta huku chini. Mbili, nimejaribu kuandika aya ya Berlin, naomba mnisahihishie bila huruma:

"Mwaka 1884 mataifa ya Ulaya yalikutana Berlin yakaigawana Afrika na kuchora mipaka yake. Sababu ilikuwa viwanda kuhitaji malighafi na masoko. Kabla ya hapo Tabora ilikuwa chini ya watawala wa Kiafrika na Waarabu, baada ya hapo ikawa ya Wajerumani."

Bint_Ujiji:

1929 naichukua mimi, maana babu yangu mzaa mama alikuwa manamba, yaani kibarua wa mkataba kwenye mashamba ya mkonge. Serikali ya mkoloni iliifanya Kigoma kuwa hifadhi ya vibarua, Waha walipanda treni kwenda kukata mkonge Tanga na Morogoro. Mkonge unatengeneza kamba, na kamba zinanunuliwa na wakulima na wenye meli wa Ulaya na Marekani. New York inaanguka, viwanda vinafungwa, hakuna anayenunua kamba, bei ya mkonge inaporomoka, mishahara ya mashambani inakatwa, kibarua anarudi Kasulu mikono mitupu na kodi ya kichwa anadaiwa palepale. Huo ndo mshale wako.

Na uendeleze. 1942 Mjapani anateka Ufilipino na visiwa vya Indonesia, Waingereza na Wamarekani walikokuwa wanapata nyuzi za kamba, ghafla mkonge wa Tanganyika unatakiwa kwa udi na uvumba na watu wanapelekwa mashambani kwa lazima. Vita ya Korea 1950 bei inapaa. Halafu zinakuja kamba za plastiki na kila kitu kinashuka tena. Kwa zao moja umepita mdororo wa uchumi, Vita Kuu ya Pili na Vita Baridi. Kwenye Vita Baridi ongeza na hili, 1965 mwanamapinduzi Che Guevara na wapiganaji wa Kyuba walivukia Kigoma mwezi Aprili kwenda Kongo kuwasaidia waasi, Novemba wakarudi wameshindwa.

Msomaji_wa_Isevya:

Na baada ya 1945 usisahau Tabora ya Januari 1958, mkutano wa TANU uliopitisha kuingia uchaguzi wa kura tatu, yaani kila mpiga kura anachagua Mwafrika mmoja, Mzungu mmoja na Mwasia mmoja, ule unaoitwa Uamuzi wa Busara. Usiusome peke yake. India imeshajitawala 1947, Ghana 1957, Mwingereza ameaibika 1956 alipojaribu kuuteka mfereji wa Suez kule Misri akalazimika kuondoka, askari wetu wamerudi kutoka Burma wameona mzungu anapigwa na anakimbia. Nyerere alikuwa anawashawishi watu wakubali masharti mabaya ya uchaguzi kwa sababu alisoma upepo wa dunia unakoelekea.

Mwalimu_Unyanyembe:

Haya kijana, aya yako. Mifupa ipo, sasa nyama.

Sentensi ya kwanza ina kosa ambalo liko kwenye madesa mengi. Berlin, Novemba 1884 mpaka Februari 1885, hawakukaa na ramani wakaigawa Afrika yote. Waliweka kanuni, biashara huru bonde la Kongo, uhuru wa vyombo kupita mto Kongo na Niger, na kwamba anayedai kipande cha pwani awajulishe wenzake na awe amekikalia kweli. Mipaka yetu ilikuja kwa mapatano ya Mjerumani na Mwingereza 1886 na 1890. Kwa hiyo andika "yaliweka kanuni za kugawana", utakuwa umewaacha wenzako nyuma.

Sentensi ya pili, viwanda peke yake havitoshi. Uingereza ilikuwa na viwanda tangu karne ya 18, kwa nini kinyang'anyiro kianze miaka ya 1880? Ongeza Ujerumani kuungana 1871 na kutaka heshima, mdororo wa biashara ulioanza 1873, kwinini iliyopunguza vifo vya malaria, na bunduki mpya.

Ya tatu ndo inanisumbua zaidi, "baada ya hapo ikawa ya Wajerumani", kana kwamba Tabora ilipokea barua. Mkutano ulifunguliwa tarehe 15 Novemba 1884 na Mirambo akafariki tarehe 2 Desemba, wakati wakubwa wa Ulaya bado wako mezani, hakuna aliyemwalika wala aliyemuuliza. Dola yake ikaanza kumeguka. Lakini Mtemi Isike wa Unyanyembe, dola ya hapa Tabora, aliendelea kuwakatalia Wajerumani, wakamshambulia zaidi ya mara moja, na Januari 1893 walipoingia ndani ya boma lake alijilipua na ghala la baruti asikamatwe. Kati ya Berlin na Tabora kuwa ya Mjerumani kuna miaka minane ya watu kukataa, na miaka hiyo lazima iwemo kwenye aya.

Iandike upya, usizidishe nusu ukurasa, halafu iweke hapahapa kesho jioni nikitoka kazini nitaipitia. Ukimaliza hiyo fanya ya 1873 kwa namna aliyokuonyesha @Msomaji_wa_Isevya, kilichobadilika upande mmoja, kilichobaki upande wa pili.